"MENO YA PLASTIKI": TUSING'OE MENO MACHANGA YA WATOTO WETU

Katika semina za afya ya mama na mtoto hapa Mugoma kuna swali lisilokosa kuulizwa: je, meno ya plastiki yapo kweli?

Mtoto wa miezi sita anaharisha, ana homa, hataki kunyonya. Bibi anamfungua kinywa na kuona uvimbe mweupe kwenye fizi, mahali pa chonge. Basi inaamuliwa apelekwe kwa mganga wa jadi "yakatolewe". Imani hii ilivuma sana nchini miaka ya 1980, na kwa jirani zetu wa Uganda ipo pia.

Ukweli ni huu: mtoto huzaliwa na meno yake 20 ya utoto yakiwa yamefichwa ndani ya fizi. Chonge hutokeza akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, lakini fizi huonekana kuvimba mapema. Anachotoa mganga ni jino lenyewe, bado changa. Ni jeupe na laini kwa sababu halijakomaa.

Mbona wengine hupona? Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na sifa humwendea mganga. Lakini kisu au spoku ya baiskeli huweza kuleta pepopunda, sumu katika damu na hata virusi vya UKIMWI. Damu inayoonekana kidogo kwetu ni nyingi kwa mtoto mchanga. Anayepona huenda akakosa chonge, na hata jino la ukubwani likaharibika.

Mtoto wa umri huo huharisha kwa sababu ameanza uji na huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Homa yaweza kuwa malaria. Kwa hiyo:

1. Endelea kumnyonyesha.
2. Mpe ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kila baada ya saa 24 tengeneza mpya.
3. Mpeleke zahanati apimwe malaria na kupewa vidonge vya zinki.

Macho yakididimia, utosi ukibonyea au akishindwa kunyonya, msingoje kesho.

Bibi anayempeleka mjukuu kwa mganga hufanya hivyo kwa upendo. Tusimcheke, tumweleze. Wainjilisti na viongozi wa akina mama, tusaidieni kufikisha ujumbe huu mitaani.