Ruzuku ikiisha, nani atanunua petroli ya doria?

BAHARI inayoonekana kutoka Raskazone, jijini Tanga, imekuwa ikihifadhiwa kwa fedha za wafadhili tangu mwaka 1994. Mwaka huo Serikali ya Ireland ilianza kufadhili mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, huku Shirika la Kimataifa la Uhifadhi (IUCN) likitoa utaalamu. Mpango huo ulifungwa mwaka 2007.

Vijiji na halmashauri vilikubaliana mipango ya usimamizi wa uvuvi iliyopewa majina ya maeneo yenyewe, kama vile Mwarongo-Sahare na Boza-Sange. Baadhi ya miamba ilifungwa isivuliwe, mikoko ikapandwa, kilimo cha mwani kikahimizwa, na doria dhidi ya baruti zikafanywa kwa msaada wa Jeshi la Wanamaji.

Kiuchumi, kufunga mwamba ni sawa na kuweka akiba. Samaki wa leo anaachwa akue na azae, wa kesho avuliwe nje ya eneo lililofungwa. Lakini akiba hiyo inawekwa na nani? Mwenye mashua ya injini atakwenda maji makuu kutafuta nguru na jodari. Mwenye mtumbwi na dema, ambaye changu na tasi wake wanatoka mwamba wa karibu, hana pa kwenda. Mchango wake hauandikwi katika hesabu za mradi wowote, ingawa kwa kipato chake unaweza kuwa mkubwa kuliko wa mfadhili.

Ndiyo maana kurudi kwa baruti kuliwauma wengi. Milipuko ilikuwa imepungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini katikati ya miaka ya 2000, doria zilipopungua nguvu, ikaanza kusikika tena. Aliyeacha mwamba wake kwa miaka kadhaa akaona mwingine anavuna kwa sekunde chache, na matumbawe yanabaki kifusi.

Fedha nyingine zilikuja mwaka 2005 kupitia mradi wa usimamizi wa mazingira ya bahari na pwani, uliojulikana kama MACEMP, Bara na Zanzibar. Hapa ni vema msomaji atofautishe. Dola milioni 51 kutoka Benki ya Dunia zilikuwa mkopo, hata kama una masharti nafuu, na mkopo hulipwa na walipa kodi, muuza samaki akiwemo. Ruzuku halisi ilikuwa dola milioni 10 za Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF). Miradi midogo ya vijiji ilipitishwa TASAF.

Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552. Silikanti, ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa kwenye majarife ya Tanga miaka ya mwanzo ya 2000. Ni samaki asiye na bei sokoni, lakini ndiye aliyeipa hifadhi jina.

Tatizo ni lile lile: ruzuku hununua boti, haikai miaka yote kununua petroli. Tuchukue mfano. Boti ikitumia lita 40 kwa doria moja, na doria zikiwa nane kwa mwezi, ni lita 3,840 kwa mwaka, mbali na posho na matengenezo ya injini. Msomaji azidishe kwa bei ya kituo cha mafuta kilicho karibu naye.

Wamarekani walilitatua jambo hili kwa kodi. Kwa sheria ya 1937 bunduki za kuwindia na risasi hutozwa asilimia 11, na kwa ile ya 1950 zana za uvuvi wa burudani asilimia 10. Fedha hizo zimetengewa wanyama na samaki. Serikali kuu huchangia hadi asilimia 75 ya mradi na jimbo hutafuta iliyobaki. Tanga haina wavuvi wa burudani wa idadi hiyo, na kumtoza mwenye mshipi mmoja kungekuwa kumwonea. Watalii wanaolipa kiingilio cha hifadhi ndio walio karibu zaidi na mfano huo, ila idadi yao hupanda na kushuka.

Kwa vikundi vya BMU na vya wakulima wa mwani, mlango ulio wazi zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, inayosimamiwa na UNDP. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Huombwa na vikundi na asasi, si mtu mmoja mmoja, na nguvu kazi ya wanachama huhesabiwa kuwa mchango wao. Kikundi kinachoandika maombi kiweke petroli, nyavu za kubadilisha na matengenezo katika bajeti tangu ukurasa wa kwanza, na kionyeshe fedha za mwaka wa nne zitatoka wapi.