Kunasa taarifa za mabaharia kwa waya wa mita 30

Boya limezimika taa, kontena linaelea njiani, upepo mkali unakuja usiku: habari za namna hiyo hufikia meli zilizo karibu na pwani kupitia mfumo uitwao NAVTEX. Usitarajie sauti ya mtangazaji. Ni maandishi yanayorushwa kwa Kiingereza kwenye kilohezi 518, chini kidogo ya pale mawimbi ya kati yanapoanzia kwenye redio ya kawaida. Kilohezi 490 zimeachiwa lugha za wenyeji. Kila kituo kina herufi yake na zamu ya dakika 10 kila baada ya saa 4, ili jirani wasigongane. Mwenye redio inayopokea SSB (mawimbi ya ukanda mmoja wa pembeni) na kompyuta yenye programu kama Fldigi anaweza kuzisoma akiwa sebuleni. Kinachomtisha ni antena.

Wimbi la kilohezi 518 lina urefu wa karibu mita 580. Nguzo ya robo ya wimbi hilo ingepanda mita 145, na hapo wengi hukata tamaa. Wanakata tamaa bure. Nguzo ndefu ina maana kwa anayerusha. Anayepokea ana hesabu nyingine. Katika masafa haya anga lenyewe lina kelele, kwa sababu mikwaruzo ya radi zinazopiga mbali sana hufika ikiwa na nguvu kuliko kelele za ndani ya redio. Antena fupi hupunguza taarifa na mikwaruzo hiyo kwa kiwango kilekile. Ukichota supu kwa kijiko badala ya upawa, ladha haibadiliki.

Ushahidi uko Enschede, Uholanzi. Redio ya Chuo Kikuu cha Twente, ambayo mtu yeyote anaweza kuisikiliza kwa intaneti, hutumia antena iitwayo Mini-Whip, iliyobuniwa na Mholanzi Roelof Bakker: kibati kidogo kuliko kiganja na transista chache za kukuza mawimbi. Wauzaji huisifu kwa udogo wake, lakini Pieter-Tjerk de Boer, anayeiendesha redio hiyo, alionyesha kwamba kibati ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni mlingoti au kebo inayoshuka hadi ardhini. Kebo hiyo ikiingia ndani moja kwa moja, hubeba kelele za nyumba nzima hadi juu. Ganda lake liunganishwe na chuma kilichozikwa ardhini kabla halijavuka ukuta.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, hasa anayeishi ghorofani, mimi ningeanza na kitanzi. Tengeneza msalaba wa mbao, uzungushie waya mara 12 kwa umbo la mraba wenye upande wa sentimita 60. Mita 30 za waya zinatosha kwa mizunguko hiyo. Ncha zake zifungwe kwenye kondensa ya kutafutia stesheni kutoka redio kuukuu, ile yenye visahani vinavyoingiliana, ya takriban pikofaradi 500. Mzunguko mmoja wa pembeni wa waya mwingine, usiogusana na ile 12, ndio upeleke mawimbi redioni. Zungusha kondensa polepole: kuna mahali pamoja, pembamba sana, ambapo mngurumo hupanda ghafla. Hapo kitanzi kimeshika masafa.

Uzuri wa kitanzi hauishii kwenye bei. Hupokea vizuri kinachotoka upande wa kingo zake, na hukaribia kuwa kiziwi kwa kinachotoka mbele au nyuma ya uso wake. Chaja ya jirani ikinguruma, geuza mbao taratibu hadi mngurumo uzame. Ukiwa na bahati, kituo unachokitaka hakitakuwa upande uleule.

Chaja, taa za LED na ving'amuzi ndio maadui wakubwa, na hakuna antena ya bei yoyote itakayowashinda ikiwekwa kando yao. Zima swichi kuu, uiwashe redio kwa betri, usikilize. Kelele zikitoweka, tatizo halikuwa antena.

Sisi wa ukanda wa joto tuna mzigo wa ziada: radi zetu ni nyingi, na eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa zaidi duniani. Usiku mawimbi haya husafiri mbali zaidi kwa kuakisiwa na tabaka la juu la anga, lakini mikwaruzo nayo husafiri. Jaribu saa za kabla ya alfajiri, ikiwa dhoruba zimeshatulia. Wingu likianza kunguruma karibu, chomoa kebo ya nje.