Injini Ndogo ya Motakaa na Adui Zake Watatu

Mara nyingi twasikia watu wa Kibondo na Kasulu wakisema ya kuwa motakaa ndogo za petroli hazina maisha. Sisi twaona lawama hiyo si ya haki. Tazameni Toyota IST, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002 na sasa imeenea katika Tanzania. Injini yake ya lita 1.5 ina silinda 4, na vali zake huendeshwa kwa mnyororo wa chuma, si kwa mkanda wa mpira. Injini hiyo ni imara, walakini ina adui watatu.

Adui wa kwanza ni joto. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Bali katika nchi iliyo juu kadiri ya mita 1,500 huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta hauzuii maji kumwagika tu, bali huyabana yasichemke upesi. Mpira wake ukichakaa, maji hupungua; kisha kichwa cha injini, kilicho cha aluminiamu, hupinda, na gasketi huungua. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, na oili iliyogeuka kama maziwa. Mshale wa joto ukipanda, au taa yake nyekundu ikiwaka, simameni mara moja na kuzima injini. Msifungue mfuniko mpaka injini ipoe, wala msimimine maji baridi ndani yake ingali moto, isije ikapasuka.

Adui wa pili ni mavumbi. Chujio la hewa likipasuka, mavumbi mekundu ya njia zetu huingia na kusaga ringi za pistoni kama msasa. Ndipo oili huungua pamoja na petroli, na moshi wa samawati hutoka.

Adui wa tatu ni oili iliyopungua au kuchakaa. Mnyororo tuliotaja huitegemea oili hiyo. Ikiwa mbaya, mnyororo hulegea na kugonga-gonga injini inapowashwa asubuhi.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pimeni oili kwa kijiti chake, tazameni maji, na kagueni mfuniko. Kazi hii ni ya dakika 5, walakini huenda ikaokoa akiba ya miaka mingi ya mwalimu, au maisha ya mgonjwa anayepelekwa Kibondo usiku. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.