Vigezo vya Kuchagua Uga wa Kambi: Mfano wa Viunga vya Nairobi

Utangulizi

Kupiga kambi ni kukaa kwa muda mahali pasipo makazi ya kudumu, aghalabu ndani ya hema. Katika Afrika Mashariki jambo hili si geni. Misafara ya biashara iliyotoka pwani kuelekea bara katika karne ya 19 haikulala popote ilipokutwa na giza. Ilifuata vituo vilivyojulikana kuwa na maji, kuni na chakula. Ngongo Bagas, karibu na Ngong ya leo, palikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Kiongozi aliyekosea kuchagua kituo aliwatia wenzake wote hatarini.

Jukumu hilo halijabadilika. Mwanafunzi anayeteuliwa na chama chake kutafuta mahali pa kulala wenzake thelathini huulizwa maswali mawili tu: ni pazuri? Ni bei gani? Makala haya yanafafanua vigezo vinne vinavyofaa kutangulia maswali hayo, na yanashikilia kwamba cha kwanza miongoni mwavyo ni njia ya maji.

Njia ya maji

Sehemu kubwa ya nyuga za kambi zinazofikika kwa gari kutoka Nairobi zimo katika Bonde la Ufa au kwenye kingo zake. Mvua inyeshapo kwenye miinuko, maji hukimbilia chini kwa kasi kupitia makorongo na mito ya msimu. Kwa hivyo, mafuriko yanaweza kumfikia mtu ambaye kwake hakujanyesha hata tone. Mfano bayana ni korongo la Ol Njorowa katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, yapata kilomita 90 kutoka jijini. Kuta zake ni ndefu na nafasi baina yake ni finyu, hivi kwamba maji yakiingia hayana pa kutawanyikia. Wageni walifia humo kwa mafuriko ya ghafla mnamo Aprili 2012, na wengine tena Septemba 2019. Mwezi wa Septemba kwa kawaida si wa masika wala wa vuli. Kalenda pekee, basi, haitoshi kuwa kinga.

Aidha, usiku wa kuamkia Mei 1, 2024, Mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara na kuzamisha kambi nyingi za kando yake. Watalii waliokolewa kwa helikopta. Mara ni mbali zaidi na Nairobi, lakini funzo ni lile lile: ukingo wa mto, ambao mchana ndio wenye kivuli na mandhari ya kuvutia, usiku ndio wa kwanza kufikiwa na maji.

Anayechagua uga atazame dalili ardhini. Mchanga laini uliolazwa kama mkeka, takataka zilizonasa kwenye matawi, na mizizi iliyoachwa wazi na mmomonyoko ni ushahidi kwamba maji hupita hapo. Hema lipigwe kwenye mwinuko, mbali na mkondo, hata kama mkondo wenyewe umekauka.

Masafa kwa saa

Kigezo cha pili ni safari. Umbali hupimwa vyema kwa saa kuliko kwa kilomita. Jua la Nairobi huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Msafara unaofika baada ya hapo hauwezi kuzisoma dalili zilizotajwa. Inafaa basi kukadiria kuwasili kabla ya saa kumi alasiri, pamoja na kuzingatia msongamano wa magari wakati wa kutoka jijini na ukungu kwenye mteremko wa kuelekea Mai Mahiu. Barabara yenyewe pia huathiriwa na mvua: mafuriko ya Aprili 29, 2024 yaliua makumi ya watu huko Mai Mahiu. Palipo na njia moja tu ya kuingilia na kutokea, hali ya njia hiyo iulizwe mapema.

Mwinuko na hali ya hewa

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, joto hupungua kwa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ni chini kuliko jiji. Hapo jua ni kali na maji ni adimu, hivyo kikundi hubeba maji yake. Kinyume chake, nyanda za juu za Aberdare hupita mita 3,000 na usiku baridi yaweza kugandisha umande. Blanketi moja la bwenini halitatosha huko.

Wanyama na kanuni

Kando ya Ziwa Naivasha, viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni. Uga usio na ua madhubuti baina ya hema na ziwa haufai, sembuse kwa wageni wanaozungukazunguka gizani. Katika mbuga na misitu ya serikali, askari na walinzi wa eneo wanajua njia za wanyama na maji. Ushauri wao uombwe kabla ya kulipa. Fauka ya hayo, tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa. Kikundi kinachozibeba huweza kuzuiwa langoni.

Hitimisho

Vigezo hivi havipingi uzuri wala unafuu wa bei, bali vinavipanga mahali pake. Baada ya kuthibitisha kuwa maji hayapiti, njia inapitika, baridi au joto linahimilika na wanyama wana njia yao, ndipo nyuga zilizosalia zilinganishwe kwa mandhari na gharama. Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga. Kwa mpiga kambi, tahadhari hiyo huanza siku ya kuchagua uga, kabla gari halijawashwa.