Je, Wajua Asumini Alitoka Wapi?

Ukiita "Asumini!" katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, huenda akaitika zaidi ya mtu mmoja. Jina hilo na ndugu yake Yasmini yalianzia Uajemi, ambako ua liliitwa yasaman. Waarabu wakalichukua, Waswahili wakalipokea kwao, na Ulaya nako likaingia kwa njia hiyohiyo.

Mmea wenyewe una asili nyingine. Jenasi ya Jasminum ina aina zipatazo 200, na iko katika familia moja na mzeituni. Ile asumini ya kusokotwa makoja, inayotiwa kwenye vikuba pamoja na rehani na mkadi, ni Jasminum sambac, nayo asili yake ni Asia ya Kusini. Maua yake hufumbuka jua likizama, na harufu hukolea usiku. Hiyo ni tabia ya maua yanayowategemea nondo: mdudu arukaye gizani hana haja ya rangi kali, anafuata weupe na harufu. Mama zetu hawakuhitaji kitabu cha biolojia kulijua hilo. Huchuma asumini alasiri, yangali tumba, ili yafumbuke bibi harusi akiwa chumbani. Nadhani hapo ndipo lilipo chimbuko la heshima ya jina hili. Mtoto hupewa jina la ua ambalo wakubwa wamelivaa kichwani na kulilalia katika siku zao za furaha.

Asumini ameingia hata maabara. Mwaka 1962 wanakemia waliokuwa wakichunguza mafuta ya ua hili walitenga kiambato kilichopewa jina la methili jasmoneti. Baadaye ikabainika kwamba jasmoneti ni homoni za mimea zinazofanya kazi kubwa ya ulinzi. Kiwavi akitafuna jani la mnyanya, jasmoneti huongezeka ndani yake, na jani huanza kutengeneza protini zinazovuruga usagaji wa chakula tumboni mwa mdudu. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba mvuke wa methili jasmoneti unaotoka kwenye mmea mmoja unaweza kuuamsha mnyanya ulio jirani ujilinde kabla haujaguswa. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa fiziolojia ya mimea, popote alipo duniani, hulitamka jina la Asumini hata kama hajawahi kuliona koja.

Waridi naye ana jamaa asiowajua. Ward ya Kiarabu imetoka katika lugha za kale za Kiirani, na wataalamu wa lugha huihusisha na rhodon ya Kigiriki. Basi Waridi wa Pemba na Roda wa Matendo ya Mitume sura ya 12, yule kijakazi aliyeitambua sauti ya Petro mlangoni na kwa furaha akasahau kumfungulia, wana haki ya kuitana somo. Kule Jabal Akhdar, Oman, mawaridi huchumwa mapema asubuhi, kabla joto halijayapotezea mafuta yake ya harufu, kisha huchemshwa hadi mvuke ugeuke marashi. Marashi ya namna hiyo ndiyo yatiwayo kwenye mrashi na kunyunyiziwa wageni katika nyumba za pwani. Rehana nampita haraka, maana utamu wake uko kwenye majani ya mrehani kuliko kwenye ua.

Yasinta hudhaniwa kuwa dada wa Yasmini kwa sababu majina yanafanana, lakini hawana udugu. Yasinta ni Jacinta ya Kireno, iliyotokana na Hyakinthos, na huyo alikuwa kijana wa kiume. Wagiriki walisimulia kwamba aliuawa na kisahani kilichorushwa na mungu Apollo, na damu ilipodondoka pakaota ua lenye jina lake. Kati ya Wakatoliki jina hili linafahamika sana kwa sababu ya Jacinta Marto, mmoja wa watoto watatu wa Fatima, Ureno, waliosema wamemwona Bikira Maria mwaka 1917. Alifariki mwaka 1920 akiwa bado mtoto, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2017.

Hata hivyo, ninayempenda kuliko wote ni Suzana. Wamisri wa kale waliliita yungiyungi la Nile seshen. Waebrania wakawa na shoshana, jina ambalo baadaye lilihamia kwenye maua mengine pia, na ndilo lililomzaa Suzana. Biblia ina Suzana wawili: yule aliyesingiziwa na wazee wawili katika Danieli sura ya 13, ambayo Wakatoliki na Waorthodoksi huisoma, na yule wa Luka sura ya 8, aliyemhudumia Yesu kwa mali yake.

Yungiyungi la buluu, Nymphaea caerulea, hufumbuka asubuhi na kujifumba mchana, kisha kesho yake hufumbuka tena. Wamisri waliona humo jua linalozaliwa upya kila siku. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, kilipatikana kinyago cha kichwa cha mfalme huyo kikichomoza kutoka katika ua hilo. Siku ya kwanza ua huwa la kike, na katikati yake pana kidimbwi cha majimaji. Mdudu akiteleza humo, chavua aliyoibeba kutoka ua jingine huoshwa na kubaki, na wakati mwingine mdudu mwenyewe huzama. Siku zinazofuata ua hutoa chavua yake lenyewe. Mayungiyungi ya buluu ya jamii hiyo huota kwenye vinamasi vya Afrika Mashariki, pamoja na kingo za Ziwa Victoria, ambako Nile inaanza safari yake. Akina Suzana wa Mwanza, Kisumu na Jinja wanaishi karibu na ua lao.

Huku kwetu limetokea pia jambo la kinyume: ua kupewa jina la mtu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huko Usambara ua dogo la zambarau. Lilipofika Ujerumani, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa mwaka 1893 jina la Saintpaulia. Leo linapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, na msituni kwake aina kadhaa ziko hatarini kwa sababu ya ukataji wa miti. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, hivyo hata jina la baroni halina tena cheo lilichokuwa nacho.

Tumeandika habari za majina yaliyotoka Uajemi, Misri na Ureno kwa sababu yenyewe yamo vitabuni. Majina ya maua katika Kisambaa, Kihehe, Kimeru na lugha nyingine zetu mengi yamo vifuani mwa wazee. Msomaji, kama kwenu kuna mtoto aliyepewa jina la ua la msituni au shambani, muulize bibi mmea huo ni upi, kisha uandike jina na mmea wake.