Kuyasoma Matabaka ya Mawe ya Chokaa

Hapo Mashewa mawe unayaona kila siku. Mengi ni mawe magumu ya milima ya Usambara. Yana mistari myeupe na myeusi, nayo hung'aa juani. Lakini mistari hiyo si matabaka ya chokaa. Ililetwa na joto kali na mgandamizo chini ya ardhi.

Mawe ya chokaa utayaona Amboni, karibu na mji wa Tanga, kando ya barabara ya Mombasa. Yamelala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Zamani palikuwa bahari. Matope ya chokaa na maganda ya viumbe yalitua chini polepole, yakawa mawe. Ni zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Baadaye maji yaliyala mawe hayo, yakatokea mapango. Ukifika, tazama tu, usivunje kitu. Mahali hapo panalindwa na serikali.

Wachoma chokaa wengine hudanganywa na weupe. Lipo jiwe jeupe, gumu kuliko kioo. Ulichome usiku kucha, chokaa hupati. Kuni zimekwisha na miti imekatwa bure! Basi lijaribu kwanza kwa kisu. Jiwe la chokaa huchorwa, lile gumu halichoriki. Kisha kwangua unga wa jiwe, utone maji ya ndimu. Likiwa la chokaa, utaona povu. Tazama kwa makini, maana povu la ndimu ni dogo.

Sasa chukua daftari, futi na nyundo. Linda macho unapogonga. Usisimame chini ya mwamba uliopasuka. Andika tarehe na jina la mahali. Anza na tabaka la chini, ulipe namba 1. Pima unene wake. Vunja kipande uone rangi ya ndani, kwa kuwa ya nje imebadilishwa na jua na mvua. Andika hivi:

"Namba 2. Unene sentimeta 40. Kijivu. Lina maganda ya chaza. Limeinamia mashariki."

Kukiwa na udongo kati ya mawe, uandike pia, hata ukiwa mwembamba kama kidole. Udongo huo ukiingia tanuruni huharibu chokaa.

Kuchimba mawe ya kuuza kunahitaji leseni, kwa Sheria ya Madini ya 2010. Ulizeni ofisi ya madini kabla ya kumkubalia mnunuzi. Mkitaka mawe yapimwe, ipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Kila kipande kipewe namba ya tabaka lake. Kisipokuwa na namba, mtaalamu atakwambia ni jiwe gani, lakini hatajua mchimbe tabaka lipi.