Njia Rahisi ya Mlimani: Je, Ni Rahisi kwa Damu Yako?



Asubuhi moja kijana aliingia katika zahanati ninayofanyia kazi, kando ya Ziwa Viktoria. Alisema haumwi. Alitaka tu nimwandikie cheti cha kuonyesha kwamba ana afya njema, kwani ndugu yake aliyeko Moshi alikuwa amemtafutia kazi ya kubeba mizigo ya wageni katika Mlima Kilimanjaro.

"Daktari, wewe andika tu," aliniambia. "Tutapita Marangu. Ile ni njia rahisi, hata wazee wanapita."

Nilimtazama macho, yalikuwa ya manjano. Nikamwuliza kama huumwa mifupa. Akajibu kwamba huumwa tangu utotoni, hasa wakati wa baridi. Juu ya kifundo cha mguu alikuwa na kidonda cha siku nyingi kilichokataa kupona. Sikumwandikia cheti. Nilimpa barua ya kwenda hospitali ya wilaya kupimwa damu. Alikasirika, akatoka bila kuaga.

Siku ile sikumweleza vizuri sababu zangu. Leo nataka nizieleze kwako, kwa maana vijana wetu wengi wanakwenda mlimani kutafuta kazi, na wengine wanakwenda kutembea.

NJIA ZENYEWE ZIKOJE?

Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Njia ya Marangu huitwa rahisi kwa sababu hupanda kidogo kidogo na ina vibanda vya kulala. Kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara ni kilometa 8 hivi, ndani ya msitu wenye kivuli na mbega. Mandara ni mita 2,700 hivi, na karibu yake kuna shimo la volkeno ya kale liitwalo Maundi. Mtu mzima mwenye afya njema anaweza kwenda hadi hapo na kurudi siku hiyo hiyo.

Kutoka Mandara njia huendelea hadi Horombo, mita 3,700 hivi, kisha hukata uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo hadi kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi. Upande wa magharibi kuna uwanda wa Shira. Huko pana sehemu tambarare kama mbuga, na gari linaweza kukufikisha karibu mita 3,500 kwa siku moja. Miguu haichoki, lakini tayari uko juu sana.

Sisi wa Mwanza tunaishi mita 1,100 na kidogo. Mji wa Moshi uko chini yetu, haufiki mita 1,000. Basi usidhani kwamba ukilala Moshi umekwisha kuuzoea mlima.

HEWA YA MLIMANI

Mvuvi anayepiga mbizi huhisi maji yakimkandamiza masikio. Akipanda juu, mkandamizo hupungua. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Sisi tuko chini ya lundo la hewa, na tukipanda mlima lundo hupungua na hewa huwa nyepesi. Pale kilele cha Uhuru, kila pumzi ina takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyeko pwani.

Mwili hujitahidi. Utapumua haraka na moyo utapiga mbio. Ukiupa siku za kutosha, mwili huzoea. Ndiyo maana wataalamu wanashauri kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na upumzike siku nzima kila baada ya siku 3 au 4. Sasa piga hesabu. Kutoka Mandara hadi Horombo ni kama mita 1,000, na kutoka Horombo hadi Kibo ni kama mita 1,000 tena. Hapo ndipo urahisi wa njia unapotuponza. Miguu inakwenda, mwili umeachwa nyuma.

NANI APIMWE KWANZA?

1. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Huu ni ugonjwa wa kurithi, na kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wengi. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Baridi na upungufu wa maji mwilini huzidisha hatari. Huyu asipande mlima mrefu.

2. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Kwa kawaida huyu si mgonjwa, na wapo wanaopanda salama. Hata hivyo, huko juu bandama lake linaweza kudhurika. Apate ushauri kwanza. Akihisi maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ashuke mara moja.

3. Mwenye upungufu wa damu. Huku kwetu husababishwa na malaria, safura, kichocho na chakula duni. Atibiwe kwanza, damu irudi.

4. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mama mjamzito. Hawa wamwone daktari kabla ya kulipa nauli.

DALILI ZA HATARI

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na uchovu ni dalili za mwanzo. Ukiziona, usipande zaidi. Pumzika hapo ulipo, na kama hazipungui, shuka.

Zifuatazo ni dalili za kifo: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa tu, kukohoa povu lenye rangi ya damu, au midomo na kucha kuwa na rangi ya samawati. Mgonjwa wa namna hii ateremshwe wakati huo huo, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Akipewa oksijeni au dawa ni vizuri, lakini visicheleweshe kushuka.

JE, SI MALARIA?

Swali hili ni letu sisi watu wa ziwani. Tumezoea kwamba kichwa kikiuma na ukatapika, ni malaria. Na kweli, mtu aliyeumwa na mbu nyumbani anaweza kuugua wiki moja au zaidi baadaye, akiwa tayari mlimani. Lakini kosa kubwa ni kumeza dawa mseto kisha kuendelea kupanda. Shuka kwanza, halafu upimwe malaria haraka iwezekanavyo, hasa kama una homa. Ukifanya hivyo umejikinga na magonjwa yote mawili.

UKIWA MZIMA, PANDA HIVI

- Tembea polepole, kiasi cha kuweza kuongea bila kuhema.
- Omba safari yenye siku ya ziada pale Horombo.
- Kunywa maji na ule hata kama hamu ni ndogo. Acha pombe na sigara.
- Chukua nguo za joto na za mvua. Mbebaji mizigo naye ana haki ya kuvaa viatu imara na kulala mahali pakavu.
- Mwambie kiongozi wako ukweli. Anayeficha maumivu ili asipoteze kazi anaweza kupoteza uhai.

Yule kijana alirudi baada ya wiki tatu. Damu yake ilikuwa imepimwa, na ilikuwa selimundu. Alikuwa amepelekwa Bugando, kwenye kliniki ya wagonjwa wa selimundu, na amepewa dawa. Hakunishukuru, wala sikutazamia hivyo, kwa maana kazi aliyoitegemea ilikuwa imepotea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na mdogo wangu je? Naye macho yake ni hivi hivi." Nikamwambia amlete kesho yake. Alimleta.

Msomaji, kabla ya kuuliza kama njia ni rahisi, uliza kwanza kama damu yako inaiweza. Mlima hauhami. Ukishindwa mwaka huu, utaukuta mwaka ujao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini uwanda wa Shira unaweza kuwa hatari ingawa una sehemu tambarare?
2. Mwenzako ameumwa kichwa na kutapika pale Horombo. Mtafanya nini kwanza?
3. Ni nani katika familia yako anayeumwa mifupa mara kwa mara tangu utotoni? Je, amepimwa?